Wimbo Tulioingilia Ukumbini

Jumamosi, 8 Juni
Nimepiga pasi mashati yote ya Trésor. Nimebusu kola moja moja. Wiki tatu za ndoa na bado ninacheka peke yangu jikoni. Video ya arusi imefika. Tunapoingia ukumbini tukicheza, kwa ule wimbo wa Kiluba niliouchagua mwenyewe, wageni wa upande wake wananyamaza kimya. Uzuri umewakaba koo. Kiluba, lugha ya kwao, sikijui; sisi kwetu ni Basanga, kabila jingine. Lakini sauti ile! Ninampenda mume wangu mpaka meno yananiuma.

Jumapili, 9 Juni
Damu kwenye zulia jipya.
Familia zote mbili zilikuja kutazama video. Wimbo ulipoanza, Yaya Ilunga, kaka mkubwa wa Trésor, akasema: “Zima.” Kaka yangu Patient akacheka. “Shemeki, bibi alikukimbia, sasa hata nyimbo inakukimbiza?”
Ilunga akamvunjia chupa kichwani. Akaipiga televisheni teke. Patient akamng'ata mkono mpaka nyama ikaonekana. Trésor akaingia katikati, jino lake likatoka.
Namchukia Ilunga.

Jumatatu, 10 Juni
Patient ameshonwa nyuzi kumi na moja.
Mama mkwe alikuja kusugua zulia. Nikamuuliza maana ya wimbo. Alinieleza bila kuinua macho. Mume anamwimbia mke aliyeondoka, anasema: Aliyekuchukua nitamkata. Nikishamkata, nitarudi kwa nani? Kikwembe chako ulichokuwa ukijifunga bado kiko kwenye msumari.
Mke wa Ilunga aliondoka mwaka jana na mwanaume mwingine. Ilunga aliuimba wimbo huo huku akivunja viti. Mtaa mzima ulisikia.
“Tulizania unatuchekelea, mutoto yangu,” mama mkwe akasema.
Trésor alijua kila neno. Nilirusha sahani ukutani. Kisha nyingine. Akasema tu: “Ulikuwa na furaha sana. Nilishindwa kukuambia.”
Alilala sebuleni.

Jumatano, 12 Juni
Patient alipita asubuhi, bandeji kichwani, panga mkononi. Anakwenda kwa Ilunga. Nilisimama mlangoni. Akanisukuma. Nikalishika panga kwenye makali.
Nilimwambia: “Mimi njo nilimutukana na ile nyimbo, mbele ya bantu wote. Unikate mimi kwanza.”
Damu ilishuka mpaka kwenye kiwiko. Akaliachilia. Akalia kama mtoto.
Trésor alinifunga mkono kwa shati lake jeupe. Sikumkataza.

Jumapili, 16 Juni
Baridi. Baada ya misa tulikwenda kwa Ilunga, nikiwa na kuku. Kwao, kuomba msamaha ni kupiga magoti na kupiga makofi polepole. Mkono mmoja umefungwa, nikapiga kwenye paja. Ilunga akautazama, kisha akautazama wake, nao umefungwa.
“Ikala, shemeki.”
Nikakaa. Trésor akakaa karibu yangu. Nyumba imefagiliwa. Viti viwili tu ndivyo vizima, na alitupatia sisi.
Ukutani, kwenye msumari, kikwembe cha kijani. Kimepigwa pasi.