Kadi Uliyoniambia Niichome

Kasongo, tarehe 9 Machi

Kwa Yaya Aurélie, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji Jean-Paul na wote wa nyumbani kwenu Kabambare. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji bado anawafokea wanafunzi kwa Kifaransa na mbuzi kwa Kibangubangu? Mimi mwili ni mzima. Nakula kidogo, nalala kidogo, na watu wakiniuliza habari nawajibu nzuri. Hizo nzuri zimeniishia, ndiyo maana nakuandikia.

Chimène hayupo hapa. Placide alimchukua Jumatatu, akampeleka Salamabila kwa yule mwanamke wake anayewapikia wachimba dhahabu, na mahakama ndiyo iliyomruhusu.

Mwanzo wake unaujua. Alirudi kutoka machimboni mwezi wa kumi, si kukaa, bali kuomba talaka. Hakimu alituita mara tatu kutupatanisha. Mara ya kwanza Placide alisema hana chuki na mimi, mara ya pili alitazama saa, mara ya tatu hakuja. Talaka sikuililia, mtu wa kumfunga kamba sina haja naye. Aliezua hata mabati ya jikoni, nikamwacha aezue. Nilisema namtaka mtoto tu. Hakimu akasema mtoto wa kike wa miaka tisa kwa kawaida hukaa na mama yake, nami nikashusha pumzi. Niliishusha mapema.

Ndipo Placide alipotoa mfukoni cheti cha kuzaliwa cha Chimène, kimekunjwa vizuri, yeye ambaye hajawahi kukunja hata shati lake. Kwenye nafasi ya mama paliandikwa jina ambalo si langu. Hakimu alinitazama kwa huruma, akaniambia, “Mama, hii karatasi inasema mutoto iko wa mutu mwingine.” Alimwapisha Placide, naye akaapa kwamba cheti ni cha kweli na kwamba mimi nilikuwa mlezi tu. Yaya, mtu niliyeishi naye miaka kumi na miwili. Majirani walitaka kusema, wakaambiwa maneno yao hayafuti cheti cha serikali. Hakimu akanipa wiki mbili nimlete mwanamke aliyeandikwa pale, aseme kwa mdomo wake kwamba hakumzaa huyu mtoto.

Wiki mbili zilipita na sikumleta. Chimène alipoondoka aliniachia maagizo juu ya kuku wake, kwamba asichinjwe kabla yeye hajarudi. Anadhani amekwenda kutembea.

Sasa niseme. Jina lililoandikwa ni lako.

Unakumbuka mwaka ule ulipompoteza mwanao, mimba ikiwa ya miezi minane, ukaja kupumzika kwa mama kule Lusangi. Ulinipa mfuko wa nguo za mtoto pamoja na kadi yako ya kliniki ya mimba, ukaniambia nichome vyote, hutaki kuviona tena. Nguo nilichoma. Kadi niliificha. Mimi nami nilikuwa na mimba, na kwa kazi za shamba sikuwa nimefika kliniki hata siku moja. Nilijua mkunga angenifokea mbele ya wanawake wote. Mwezi mmoja baadaye uchungu ulinishika, nikaingia na kadi yako. Waliniita Aurélie, nikaitika. Mkunga alinakili jina, na serikali ikanakili kwa mkunga. Placide alipokiona cheti alicheka, akasema karatasi haizai. Nami nilicheka naye.

Ndiyo maana sikukuita. Ningekuitaje uje kusema mbele ya watu kwamba hukuzaa, wewe ambaye Mungu hakukupa mwingine? Kila niliposhika simu nilikuona ulivyokaa siku zile kwa mama, umejifunga kitenge kifuani ili maziwa yakauke. Niliona aibu, na kwa aibu hiyo nimempoteza mwanangu. Nichukie, ni haki yako.

Ila kwanza nisikilize. Nakala ya cheti imo humu ndani, karani alinipa, na Dady wa pikipiki atakukabidhi mkononi. Kurekebisha jina ni kesi ya mahakama ya Kindu, na karani anasema mwaka unaweza kwisha. Chimène hawezi kuosha sufuria za wachimbaji mwaka mzima. Lakini kwa karatasi hii wewe ndiye mama, na Placide mwenyewe ameapa. Hawezi kumrudia hakimu yuleyule na kusema alidanganya. Nenda kwa hakimu na shemeji, umdai mtoto. Najua kwamba ukishamdai hivyo, hatutaweza tena kukirekebisha cheti, maana sote wawili tutakuwa tumeidanganya mahakama. Nimefikiri sana, nimekubali. Awe wako.

Mwanzoni atalia na kukukatalia. Anaogopa radi, ikinguruma, mwache ashike nguo yako. Kuku wake hajambo.

Nisalimie shemeji na majirani wote. Na ukimpata, mwambie mama yake mdogo wa Kasongo anamsalimia sana.

Mdogo wako,
Emilienne