Donge Lisilo na Kidole Changu

Kisangani, Alhamisi mchana

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa mikono yote miwili, kama vile niko hapo mlangoni nimeshavua viatu. Mgongo wako unasemaje? Ile dawa ya majani imekusaidia, au bado unaamka umeshika ukuta? Na paa la nyuma walilitengeneza kabla ya mvua, au wanaendelea kukuahidi? Sisi huku miili ni mizima. Nimesema miili, Mama, kwa sababu roho ni habari nyingine, na ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Barua hii sikuitia posta, maana siku hizi barua ina wasomaji wengi kabla haijamfikia mwenyewe. Amekuletea Mama Zaina, yule muuza vitenge wa Kindu aliyelala kwetu wakati wa msiba wa Papa, baba yetu. Na huyo mtoto aliyesimama mbele yako ni Safi, mjukuu wako. Kwanza umwogeshe, umpe chakula, alale. Halafu dada yangu, yaya Zena, afunge mlango akusomee polepole, na mkimaliza muitie motoni. Safi anajua amekuja kukutembelea tu. Msimwambie zaidi.

Unakumbuka nilifanya kazi jikoni kwa yule Madame Mgriki, mpaka duka lao likachukuliwa na serikali na kupewa mwananchi, wao wakapanda ndege na masanduku mawili. Madame aliniachia sufuria moja nzito na ujuzi wa kitu kimoja: madonge ya chokoleti. Yeye aliyaita truffes na alitumia njugu za kwao za mkebe. Mimi natumia karanga zetu, na bila kujisifu, yangu ni matamu kuliko ya kwake.

Kakao nanunua kwa watu wa Barumbu wanaopanda mto na samaki wao wa kukaushwa. Nazikaanga kavu mpaka maganda yapasuke, nazipepeta kwenye ungo, natwanga. Mwanzo ni unga tu, lakini mkono usipochoka mafuta yanatoka na ule unga unageuka tope jeusi linalong'aa. Natia sukari, maziwa mazito ya mkebe na siagi, nakoroga juu ya moto mdogo mpaka iachane na sufuria. Ikipoa nafinyanga madonge kwa viganja na kuyagaragaza kwenye karanga zilizopondwa. Nyumba nzima inanukia, na majirani wote wanakumbuka ghafla kwamba hawajanisalimia.

Nina kasoro moja tu, na hiyo nakulaumu wewe mpaka leo. Kile kidole changu cha shahada kilichoungua kwenye mafuta ya mawese, ulikifunga vibaya kikapona kimepinda. Kwa hiyo kila donge nikilizungusha, kidole kinaacha kishimo kidogo ubavuni. Madame alikuwa akicheka na kusema madonge yangu yanachechemea. Nilijaribu kila njia, kishimo hakitoki. Nikazoea kukilaza chini kwenye sinia ili watu wasikione.

Haya. Jirani yetu alimwoza binti yake, nikampikia sinia moja la zawadi. Harusini alikuwepo dereva wa mkubwa mmoja wa hapa, ambaye jina lake sitaliandika hata kwenye barua ya kuchomwa. Huyu mkubwa ndiye bosi wa ofisi ambako mume wangu Amisi ni karani. Jumamosi iliyofuata, tulipotoka tu kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na majembe yetu, gari lake lilisimama mbele ya nyumba. Kuanzia hapo, kila akiwa na wageni mimi nafuatwa nikapike. Sikuombwa, Mama, na wala sikuwa na pa kusemea hapana.

Siku ya kwanza niliingia sebuleni na sinia, nikapiga goti, nikafanya ulivyonifundisha nikiwa bado sijaota meno ya pili: nikachukua donge moja, nikalila mbele ya wageni, ndipo nikawakaribisha. Mtu akikupa maji anakunywa kwanza yeye, akikupa pombe anaimimina kwanza kwake, na sisi sote tumekua hivyo. Yule Mkubwa akacheka sana, na beji yake ya chama ikawa inatikisika kifuani.

"Citoyenne, ile umekula, iko muzuri, tumeona," akasema, kwa lile jina la wananchi tunaloitwa sote siku hizi. "Na hii ingine? Hii hujaionja."

Nikaila hiyo.

"Bon. Na ile ya kule?"

Nikaila na hiyo. Alinilisha saba, Mama, wageni wakicheka kila mara aliponyoosha kidole. Sikuwa nimewahi kufikiria jambo hilo: maji ya mtungi mmoja ukiyaonja umeyaonja yote, lakini donge ni kitu peke yake. Yeye alikuwa ameshalifikiria.

Tangu siku hiyo madonge yangu yakawa mchezo wake. Chakula kikiisha, anachukua sinia mwenyewe na kumzungukia mgeni mmoja mmoja, akimtazama usoni. Anayekula haraka anapigwa bega. Mgeni mmoja kutoka Basoko alisita, akasema meno yanamuuma.

"Unaogopa chakula ya kwangu, Citoyen?"

"Hapana, Chef, bosi wangu! Njo meno tu."

"Mutu mwenye roho safi haogope."

Yule bwana akala huku machozi yanamlenga. Wiki ile ile alihamishiwa porini, na mshahara wake mpaka leo mkewe anaulizia. Nikarudi nyumbani nikamwambia Amisi kwamba sitaki tena kwenda, lakini sote wawili tulijua gari litakuja.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote ila Amisi.

Mwezi uliopita kulikuwa na mgeni aliyeitwa Citoyen Bolamba, mkaguzi wa shule, mtu mpole mwenye mvi, ambaye nilisikia alisema maneno fulani mkutanoni mbele ya watu. Nilipomaliza kupanga sinia, mlinzi wa mlangoni, mtu asiyewahi kukanyaga jikoni, aliingia akasema Mkubwa anataka kuliona. Akaenda nalo, akakaa nalo kidogo, akalirudisha. Nikalitazama, maana mpishi hawezi kupokea sinia bila kulitazama. Donge moja la pembeni lilikuwa limekaa vingine. Nikaligeuza. Halikuwa na kishimo. Lilikuwa mviringo mtupu, zuri, kama yale ya Madame.

Nilifikiri limeanguka chini na yule mlinzi akalifinyanga upya kwa aibu. Wallahi ndivyo nilivyofikiri. Nilichoona haya ni kuwapa wageni donge lililogusa sakafu, basi! Nikanyamaza, nikalipeleka.

Mkubwa alilizungusha sinia mpaka upande ule ukamkabili Citoyen Bolamba. Akamwambia, "Hii njo ya kwako, muzee, iko kubwa." Mzee akala, akanigeukia mimi, akanishukuru. Akaniambia, "Aksanti, mama, uko na mukono ya baraka." Hakumaliza siku kumi. Walisema ni homa, na labda ni homa kweli, maana homa hapa haikosi. Nimejiambia hivyo kila siku tangu alipozikwa. Lakini hao watu walikula sinia moja, na aliyekufa ni yule aliyekula donge lisilo la mkono wangu.

Najilaumu, Mama. Sijalala vizuri tangu hapo na nimekonda mpaka pete inanitoka. Nilikuwa na mdomo nikaufunga kwa sababu ya aibu ya jikoni.

Na sasa ni zamu yetu. Wiki mbili zilizopita Amisi aliletewa karatasi atie sahihi kwamba vitu fulani vimefika ghalani. Yeye hakuviona, na hakutia. Unamjua mkwe wako, mpole kama mkeka lakini akikataa amekataa. Hakuna aliyemgombeza. Hilo ndilo lililonitia baridi. Kisha jana dereva alikuja, anacheka, akasema, "Mama Safi, samedi utapika. Na Papa Safi naye anaitwa, atakaa kwa meza na wakubwa." Amisi hajawahi kukaribishwa hata kwenye ngazi za nyumba ile.

Utauliza kwa nini hatutoroki. Karani hasafiri bila karatasi ya ruhusa, na ruhusa inasainiwa na Mkubwa huyo huyo. Ng'ambo ya mto, kwenye treni ya Ubundu, wanaume wanaulizwa karatasi. Wanawake wenye vitenge na watoto hawaulizwi. Amisi amenipigia magoti niende na Safi. Nimekataa, tukagombana kwa kunong'ona kama wezi. Nitamwacha vipi aketi peke yake mbele ya sinia ambalo nimelipika mimi? Na akikataa kula, ataonekana ana lake moyoni, na tumeshaona yanayofuata.

Nimewaza mpaka kichwa kikaniuma, na nimepata jambo moja tu, nalo nimelitoa kwako. Mke anaonja chakula cha mume wake. Hakuna mtu, awe na beji ngapi kifuani, anayeweza kumkataza mwanamke jambo hilo mbele ya wageni bila kila mmoja kujiuliza sababu. Kwa hiyo Jumamosi sitarudi jikoni. Nitapiga goti karibu na kiti cha Amisi. Sinia likimfikia, nitalitazama donge analopewa. Likiwa na kishimo, ale. Likiwa halina, nitalichukua mkononi mwake na kusema kwa sauti ya kusikika na wote, "Chef, kwetu mke anaonja kwanza." Mkubwa akinizuia, meza nzima itajua, na kitu kinachojulikana na meza nzima si rahisi kukifanya tena. Asiponizuia, nitalila.

Amisi hajui hili. Anafikiri nitamkonyeza tu.

Naogopa, Mama. Sitaki kukudanganya kwa maneno makubwa. Ninapoandika, tope la kakao linapoa kwenye sufuria ya Madame. Kesho nitafinyanga, na sitakilaza tena kishimo chini. Yote nitayapanga kishimo juu, kila mtu aone.

Nisalimie mjomba wetu, tonton Salumu fundi wa baiskeli, mwambie Safi anaogopa mbwa, asimchezee. Nisalimie shangazi mwenye dawa za majani, na babu wa msikitini aliyenifundisha kuandika, mwandiko huu mbaya asiuone. Yaya Zena, wewe unayesoma, usilie mbele ya mtoto. Nywele zake zisukwe kila Ijumaa, na shuleni asiandikishwe kwanza, msubiri mpaka Mama Zaina arudi tena kutoka huku na kuwaambia mambo yalikwendaje.

Ndani ya kikapu chake, chini ya nguo, kuna mkebe wa maziwa uliofunikwa kwa kitambaa. Nimemtilia madonge kumi na mawili niliyoyatangulizia leo asubuhi. Yatakuwa yamelainika kwa jua la njiani, lakini yatalika. Nimemfundisha adabu zetu, kwa hiyo atakuletea wewe uonje kwanza. Mwambie hapana, ale tu. Nilipokuwa nayafunga, nililigusa kila moja ubavuni, na wewe kabla hujampa pitisha kidole chako hapo, utakikuta changu.

Ni mimi mwanao,
Mwamini, Mama Safi