Hasira Imerudi

Makambako, Jumanne usiku

Kumbe dawa zinafanya kazi. Hii ni wiki ya sita nameza vidonge vya sonona, na usingizi umerudi kidogo, lakini nilihofu nameza chaki.

Leo dalali anayenunua viazi vyangu akaanza kunijazia lumbesa, kile kilemba cha juu ya gunia ambacho hakilipii. Amezoea. Tangu niugue nilikuwa namtazama tu. Leo nikahisi hasira, ile yangu ya zamani.

"Fungua. Toa debe zima lililozidi."

"Mama Neema, si ulishapoa wewe?"

"Nilikuwa naumwa. Fungua."

Akafungua magunia yote, amenuna.

Dada yangu anasema basi niache dawa, nimepona. Thubutu. Dawa iliyonirudishia mdomo, kesho naimeza tena.