Jiwe la Wilaya Iliyokufa

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu, una kichwa au umebeba boga? Nimemwambia hivyo hivyo, mbele ya mkewe. Karudi kutoka kazini kwake manispaa na habari kwamba wanalitaka jiwe la mpaka lililo uani kwangu. Eti historia! Ile wilaya ya vijijini ilivunjwa, ikamezwa na mji, leo inatafutiwa maonyesho. Ilipokuwa hai haikutuletea hata bomba la maji. Imekufa, ndiyo inapambwa.

Jiwe lenyewe nanolea visu. Mpaka wa wilaya ulitakiwa upite bondeni. Wapimaji wakakuta bonde limejaa maji, wakaogopa kulowa viatu — wakalichomeka kwetu, wakaenda zao. Basi jiko langu likawa wilaya hii, choo wilaya ile. Marehemu mume wangu akienda chooni alikuwa akiniaga kabisa, kama msafiri.

Jumatano, 6 Machi

Kumbe aliyewaonyesha jiwe ni shemeji, mdogo wake marehemu! Anakaa upande wa chooni. Wilaya imekufa, lakini jiwe lake ndilo linalomzuia asinimege kiwanja. Bustani yake hutambaa kila mwaka. Ikifika kwenye jiwe inasimama, kama mbwa aliyeona fimbo.

Nikamuuliza, likiondoka, mpaka tutaujuaje? Akacheka. "Shemeji, sisi ndugu. Mpaka wa nini?"

Ndugu! Hata fisi humwita mbuzi ndugu, akishaona zizi halina mlango.

Mwanangu anasema jina letu litaandikwa kwenye kibao. Kibao kinalimwa?

Ijumaa, 8 Machi

Lori limefika. Nimelikalia jiwe, naandikia hapa hapa.

Bwana wa makumbusho, na tai yake, ananifundisha wilaya ilianzia wapi na kuishia wapi. Mimi! Niliyevuka mpaka kila alfajiri, kopo la maji mkononi! Wapakiaji wanajificha nyuma ya lori wacheke. Shemeji kasimama mlangoni kwake, anameza mate. Mwanangu ananibembeleza: mama inuka, mabosi wangu wanatazama. Watazame.

Historia waichukue, sina haja nayo. Ila kwanza mwanangu avue hilo koti la ofisi, ashike jembe, achimbe mtaro wa mpaka kuanzia ubavuni mwa jiwe hadi barabarani. Shemeji alete miche ya minyaa, aipande humo iwe uzio, kwa mikono yake mwenyewe, watu wote hawa wakiona. Kabla ya hapo siinuki.

Na mkamwana aniletee chai. Jiwe lina baridi.