Mume Wangu Huja Nyumbani Shule Zikishafunguliwa

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa ofisini, mlango nimeurudishia, na ukiona mahali mwandiko umepinda ujue kuna mtu alibisha hodi nikaificha karatasi chini ya daftari la mahudhurio, basi nivumilie na unisaidie, kwa sababu mwenzio silali wala sili nikashiba.

Mimi ni karani wa shule ya bweni, huu mwaka wa tisa, barua zote za kufunga na kufungua shule nazichapa mimi na muhuri naugonga mimi, kwa hiyo mzazi yeyote anayejua mwanawe anarudi lini nyumbani amejulia kwenye mikono yangu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma kwenye mradi wa bwawa, mbali, safari ya kutwa nzima na zaidi, anafanya kazi miezi mitatu halafu anapewa wiki mbili za kupumzika. Tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka kumi na minne, anasoma hapa hapa ninapofanya kazi na analala bwenini kama wenzake, na mdogo wake wa kike, miaka sita, anasoma shule ya kutwa jirani na nyumbani.

Sasa sikiliza, mshauri. Kwa miaka miwili mume wangu na mwanawe wa kiume hawajaonana uso kwa uso. Shule ikifunga, baba yuko kazini, mtoto akishabeba sanduku lake la bati kurudi bwenini, haipiti wiki baba huyo anaingia na begi lake begani, wanapishana kama jua na mwezi, na mimi mjinga nikawa nawalaani wakubwa wa mradi, nasema watu wale hawakuzaa, wangezaa wangejua likizo za shule zinaangukia lini. Mume wangu naye ananiitikia kwa upole, ananiambia tutafanyaje, mama watoto, orodha ya mapumziko anaipanga msimamizi. Na kila muhula ukikaribia mwisho ananipigia simu kuuliza watoto wanafunga tarehe ngapi na wanafungua tarehe ngapi, nami najivuna, nasema huyu ndiye baba, yuko mbali lakini kalenda ya wanawe anaijua.

Muhula uliopita akaja mama mmoja ofisini kuchukua fomu ya mwanawe, tukaongea, kumbe mumewe na wangu wako mradi mmoja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia, "Mumeo ana roho ya peke yake. Likizo za shule zikifika wanaume kule wanagombania nafasi, yeye ya kwake anampa mume wangu. Kila mara. Wanangu wanamwombea dua."

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, nikampa fomu yake, akaondoka, nikabaki naangalia muhuri.

Basi orodha haipangi msimamizi, wanaipanga wenyewe. Mume wangu anaikimbia likizo ya shule kwa miguu yake. Na mimi sikusomea upelelezi lakini najua jambo moja, shule za huku zinafunga pamoja, kwa hiyo mwanaume ambaye hataki kuwa kwake watoto wakiwa nyumbani, yuko kwingine ambako watoto nao wako nyumbani. Nikaanza kuyakumbuka mambo. Akiwa mapumzikoni namwambia twende shuleni Jumapili umwone mwanao, anasema tusimkatize mtoto masomo. Nikimpa mtoto simu aongee naye, mtandao unakuwa mbaya papo hapo, na nikiichukua simu mimi, mtandao unapona. Na huyu ni mtu aliyelengwalengwa na machozi binti yake alipong'oka jino. Nikapekua simu yake akiwa anaoga, sikukuta kitu, na simu isiyo na kitu ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, maana nani ana simu safi hivyo?

Hapo ndipo nilipofanya kosa ninalolikiri kwako tu. Muhula huu tulikuwa tunafunga tarehe kumi na saba kwa wiki tatu. Nikakaa kwenye mashine hii hii, nikachapa barua nyingine, karatasi yenye nembo ya shule, nikaandika tunafunga tarehe tatu na kufungua tarehe kumi na saba, nikagonga muhuri, nikaipiga picha nikamtumia yeye peke yake, halafu nikaichana. Hata siku mbili hazikupita akanijulisha kwamba amepata mapumziko, atafika nyumbani tarehe kumi na nane. Mshauri, nilikaa kitandani nikasema, amenasa.

Tarehe kumi na nane ilikuwa Jumamosi. Adhuhuri mwanangu yuko uani anafua sare, sanduku lake liko wazi juani, mimi niko mlangoni najifanya nachambua mchele. Lango likafunguka, mume wangu akaingia, akamwona mtoto, akasimama. Mtoto naye akainuka na povu mikononi, akarudi nyuma hatua mbili, mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe ukafunika sikio. Niliuona mkono ule, sikuuelewa.

Mume wangu akaniuliza kwa sauti ndogo kama shule haijafunguliwa. Nikamwambia ndiyo kwanza imefungwa jana, na barua ile niliichapa mwenyewe, sasa aniambie mwanamke ni nani na watoto ni wangapi. Akakaa kwenye ngazi na begi lake mapajani. Aliyejibu ni mwanangu.

"Mama, hakuna mwanamke," akasema. "Ananikimbia mimi."

Ndipo yakatoka. Miaka miwili nyuma, likizo ambayo baba yao alikuwepo, mtoto alileta ripoti, wa arobaini na moja kati ya wanafunzi arobaini na wanne. Mimi nilikuwa kazini, maana wanafunzi wakifunga sisi makarani hatufungi. Baba akaisoma, akampiga kofi, mtoto akaenda na sikio kwenye fremu ya mlango wa chuma, mlango alioutengeneza baba mwenyewe, damu ikatoka. Niliporudi jioni wakaniambia ameanguka kutoka kwenye mnara wa tangi la maji. Nikampeleka hospitali, daktari akamuuliza mtoto mara mbili imekuwaje, na mara zote mbili nikajibu mimi, nikasema ameanguka, watoto wa kiume daktari unawajua. Tangu hapo kila ripoti yake imeandikwa "hasikilizi darasani," nami nimemgombeza sana kwa neno hilo.

Mume wangu alisema maneno machache tu. "Mkono huu ni wa baba yangu. Niliapa sitaurithi, na siku ile ulinyanyuka kabla sijaamua. Nikaona heri mwanangu anikose kuliko anipate hivi." Akaondoka kwenda kwa kaka yake, mtaa wa pili, begi akaliacha kwenye ngazi.

Ningeishia hapa ningekuwa mtu mzuri. Lakini begi nilipekua. Chini kabisa, chini ya nguo za kazi, nikakuta viatu vya shule vya mvulana, vyeusi, vipya, karatasi bado zimo ndani, namba thelathini na sita. Mwanangu anavaa arobaini na moja. Kwa hiyo nakuuliza, ni vya nani? Kuna mvulana mwingine mahali, mwenye mguu mdogo? Nimefika mahali namshuku hata mwanangu, nasema labda amemkingia baba yake kifua, labda kofi ni la kweli lakini limetumika kufunika kubwa zaidi. Siku tatu zimepita sasa, na nilipomuuliza mtoto anataka nifanye nini, aliniambia anatamani shule ifunguliwe arudi bwenini. Mume wangu anapiga simu, sipokei. Nimrudishe, nimfukuze, au nimfuate mpaka huko bwawani nijionee? Na mkuu wa shule hajui habari ya muhuri.

Nisaidie,
Karani

MSHAURI ANAJIBU

Karani, barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zilizotangulia kwa sababu ina tarehe ndani yake. Pole. Nimesema pole mara moja, inatosha, sasa tuongee.

Umeandika kurasa nne, na mwanamke uliyemtafuta hayumo hata mstari mmoja. Aliyemo ni mtoto anayefunika sikio. Ulimwona, unasema, na hukuelewa, kisha ukaenda kupekua begi. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, na uliotega wewe umemnasa kijana wa miaka kumi na minne, akalazimika kutoa uani, mbele ya beseni la sabuni, siri aliyoibeba miaka miwili.

Viatu? Baba anayemjua mwanawe wa miaka kumi na mbili, na hajamwona tangu hapo, atanunua namba gani? Mimi nadhani ni vya mwanao. Lakini usichukue dhana yangu ukaiweka mahali pa dhana yako. Vitoe kwenye begi, viweke mezani, muulize mume wako ni vya nani na alivinunua lini, kwa sauti ya kawaida, kisha ufanye jambo ambalo hujalifanya muda mrefu: nyamaza umsikilize. Akibabaika, niandikie tena, nitakuwa wa kwanza kukusaidia kushuku.

Mume wako nisimpake mafuta. Kofi la kumtoa mtoto damu ni kosa, na kumfundisha mtoto huyo kumdanganya daktari na mama yake ni kosa la pili. Kukimbia miaka miwili akajiita mwenye huruma ni la tatu. Aliogopa mkono wake, sawa, hilo naliamini, wapo wengi hawauogopi kabisa. Lakini mtoto hakuambiwa kwamba baba anaogopa mkono. Mtoto alichokiona ni kwamba alishika namba arobaini na moja, na baba yake hakurudi tena. Nani amwambie kwamba haya mawili ni tofauti? Si mimi wala si wewe. Aende yeye.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi mpeleke mtoto hospitali akapimwe lile sikio. Daktari akiuliza imekuwaje, uma ulimi wako. Ajibu mwenye sikio, kwa maneno yake, hata kama maneno hayo yatamfikisha baba yake kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Kama yatamfikisha, afike. Mtu anayetaka kuubadilisha mkono wake haogopi kuulizwa habari zake. Shule ikifunguliwa, pita kwa mwalimu wa darasa umweleze kwa nini "hasikilizi," mtoto akae mbele, upande unaosikia.

Simu ya mume wako ipokee. Mwambie asirudi kulala nyumbani mpaka mtoto akubali, na mtoto asikubalishwe kwa nguvu wala kwa zawadi. Waonane kwanza kwa kaka yake, mchana, na mtoto achague mtu mzima wa kukaa naye, mjomba, mwalimu, yeyote anayemwamini. Baba aombe msamaha akiwa amekaa chini, mikono mapajani, bila "lakini." Mtoto asipojibu siku hiyo, asilazimishwe. Na ripoti za shule kuanzia sasa usome wewe, hata akiwepo.

Nenda kwa mkuu wa shule, umweleze kuhusu barua ya uongo kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Huenda ukapata onyo, huenda zaidi. Nembo na muhuri si vyako, ni vya wazazi wote wanaoamini tarehe wanayoiona juu ya karatasi. Huwezi kumdai mume ukweli na huku wa kwako umeufungia kwenye droo.

Jambo la likizo zenu ni jepesi kuliko mnavyolifanya. Wazazi wangapi wanalilia wiki moja tu ya kuwa pamoja na wanao, na orodha za kazini haziwapi? Ninyi mlipewa nafasi ya kuchagua, mmoja akaitoa sadaka na mwingine akaigeuza chambo. Likizo ijayo tarehe asikuulize wewe. Ampigie mtoto amuulize kama anataka aje. Akiambiwa asije, abaki bwawani, avumilie. Akiambiwa aje, aigombanie ile nafasi kama wanaume wenzake.

Kwa hesabu yangu, barua hii ikikufikia mapumziko ya mume wako yatakuwa yamebaki siku tisa. Usizimalize kwa kuniandikia mimi.