Barua ya Binti Yangu ya Kuacha Wodi Ninayo Mfukoni, na Siitoi

Mpendwa mshauri, nina miaka themanini kasoro mmoja, nimezika wake wawili, nimeona mwisho wa wakurugenzi saba wa hospitali na wa wodi ya matofali waliyoibomoa mimi bado nasukuma vitanda, maana hiyo ndiyo kazi niliyofanya miaka thelathini na mbili na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kudondoka mikononi mwangu. Mpaka leo pale wananiita Mzee Magurudumu. Shule sikufika mbali, lakini msaada naomba mwenyewe, umwambie binti yangu kwamba nina haki.

Huyu binti wa pili ni nesi wa wodi ya wanaume, mwaka wa kumi na sita sasa, na si nesi wa kubabaisha, mshipa uliowashinda madaktari yeye anaupata mara moja, na mimi nilipolazwa kwa kichomi ndiye aliyenigeuza, akaniogesha, kisha akaenda kwa wengine thelathini na wanane peke yake, mpaka nikamwona amesinzia wima kakamata chupa ya dripu. Sasa mwezi uliopita ananiambia eti amepata kazi ofisi ya bima ya afya, atakaa kwenye kiti akikagua mafaili ya wagonjwa, na barua ya kuacha kazi keshampa metroni, mkuu wa manesi. Nikamwambia, "Mwanangu, faili halina mapigo ya moyo." Akanijibu, "Ndiyo maana nalitaka, baba. Haliwezi kunifia." Mdomo huo kaurithi kwangu.

Nikavaa koti nikaenda kwa metroni, ambaye alikuja pale mwanafunzi asiyejua hata kufungua breki ya kitanda, nikamfundisha mimi. Nikasema, "Hizo ni hasira tu, nirudishie hiyo barua." Akacheka, "Mzee Magurudumu, umeniokoa, manesi wenyewe nawatafuta kwa tochi," akanikabidhi. Wiki iliyopita ikabandikwa ratiba ya zamu za mwezi ujao, binti akaona jina lake, na siri ikatoka. Kule bima anatakiwa tarehe moja, akiandika barua nyingine mwezi wa notisi unaanza upya, na akiondoka bila barua ataandikwa mtoro. Tangu hapo haniambii kitu ila, "Baba, dawa zako hizo." Mimi nilisukuma vitanda mpaka goti likagoma, sikuandika barua ya kuacha. Mwambie.

Mzee Magurudumu

MSHAURI ANAJIBU:

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu kwa umri na kwa goti lako, lakini hapa umeharibu. Mtu mzima kaandika barua yake, wewe umeenda kuichukua kana kwamba unamchukua mtoto chekechea! Na metroni naye aone aibu, barua ya mfanyakazi haikabidhiwi baba yake.

Najua kinachokuuma. Binti akiwa pale, unajiona na wewe bado uko pale. Pole. Lakini wewe ulimfikisha mgonjwa wodini ukageuza kitanda, ukaondoka. Yeye alibaki naye. Umemwona kwa macho yako amelala amesimama, unatuandikia kama sifa. Hiyo ni hatari, kwake na kwa aliyekuwa anangoja hiyo dripu. Na kwenye mafaili ataona nani ananyimwa matibabu kimakosa, jambo ambalo karani asiyeijua wodi hawezi kuliona.

Kesho asubuhi irudishe kwa mkono wako. Metroni aigonge muhuri wa tarehe ile ile iliyoandikwa. Useme mbele ya binti yako kwamba uliichukua wewe. Metroni akikataa, nendeni kwa katibu wa hospitali. Kisha nyamaza, mzee. Usimwombee wala usimsemee.

MZEE ANAANDIKA TENA:

Mshauri, nimeirudisha, lakini si kwa sababu yako. Nilikuwa nimeshaamua kabla gazeti lenu lenye jibu halijatoka, siku nilipomkuta binti amekaa juu ya ndoo jikoni na yunifomu yake, kiatu kimoja mkononi. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Najaribu kukumbuka, baba, kama navaa au navua."

Tukaenda wote. Nikaingia katikati ya makabidhiano ya zamu, manesi wamesimama, nikasema kwa sauti, "Barua hii niliichukua mimi. Igongwe muhuri wa tarehe yake, la sivyo nakaa kwenye kiti hiki." Metroni akasema, "Mzee, utakaa sana." Nikamwambia, "Nina muda, nimestaafu." Akanitazama, akamtazama binti, akagonga. Samahani sikuomba, msinisingizie. Nyumbani binti kaniambia, "Baba, una kelele," lakini alikuwa anacheka.

Tulipokuwa tunatoka nesi mwenye miwani akanivuta koti, akaninong'oneza, "Babu, na yangu utanipelekea?" Nikamwambia alete.

Asiyesadiki amuulize metroni, amuulize mama wa usafi aliyeacha kupiga deki ili asikilize, amuulize na huyo nesi mwenye miwani, kama atamkuta bado yuko wodini.