Selotepu Niliyoitupa

Mjukuu wangu Wanjiru,

Sisi huku Ruiru tuko salama, na cucu, bibi yako, amevuna parachichi. Uliniuliza kama nimewahi kuiona grafini unayoisomea Ujerumani, huo utando wa kaboni mwembamba kuliko vitu vyote. Niliposoma kwamba wanasayansi waliipata kwa kubandua weusi wa penseli kwa selotepu, nilishika kichwa kwa mikono miwili hadi cucu yako akauliza, "Kwani nani amekufa?"

Ujanani nilichora ramani za mashine kwa penseli kiwandani Thika. Raba ilichakaza karatasi, kwa hivyo nikikosea nilibandika selotepu juu ya mstari, nikaibandua, nikaitupa. Kila siku.

Bado siamini. Mimi niliangalia kama karatasi imetakata. Wao waliangalia selotepu.

Babu yako, Guka